Umemwona akila?
Hotuba kuhusu riwaya ya vijana, Mtwara

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za mchana. Na nyinyi wanangu mliokaa huku mbele kwenye mikeka, marahaba; shikamoo zenu nilizipokea zote tangu pale mlangoni.

Nimeitwa kuzungumzia riwaya yangu, riwaya ya vijana kuhusu binti anayelaghaiwa kupitia simu. Nitaizungumzia. Lakini nianze na siku iliyonifanya niiandike, maana bila siku hiyo ningebaki mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha za watoto wa watu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Novemba, msimu wa korosho, minada inaendelea na watu wanasubiri fedha ziingie. Nilikuwa barazani napepeta mchele. Binti wa kidato cha tatu, mwanafunzi wangu, akabisha hodi, akakaa kwenye mkeka, akafungua fundo la kanga pale kiunoni tunapofunga hela sisi wanawake, akatoa simu ya mama yake. Kioo kilikuwa kimepasuka kona ya juu, kimebandikwa selotepu. Hakusema neno. Alinikabidhi simu, kisha akageukia ukutani.

Nilizisoma zile meseji huku nikipandisha kwa kidole mpaka kidole kikachoka. Mwanzoni kabisa, miezi minne nyuma, zilikuwa za heshima: "Mambo, samahani kama nakusumbua." Katikati ziligeuka za mapenzi. Kuelekea mwisho zilifupika. Ya mwisho kuliko zote ilisema: "Una mpaka saa mbili." Saa yangu ya ukutani ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita.

Nami nikamuuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma: "Kwa nini ulimtumia picha?"

Niliona uso wa yule mtoto ukijifunga. Akanyoosha mkono kudai simu yake, akaanza kukaza kanga ili aondoke. Nilimshika mkono, nikamwomba radhi, nikamwambia akae. Nikauliza upya, swali jingine kabisa: "Umekula?" Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Nikamtengea wali na kisamvu. Alipomaliza sahani ya pili ndipo akaanza kusema.

Yaliyofuata usiku ule na wiki zile ni yake, siyasemi hapa. Binti wa riwaya yangu si yeye. Nimembadilisha makazi, nimembadilisha ukoo, nimembadilisha kila kitu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika kisa kinachokaribiana na chake, alinipa sharti moja: "Mwalimu, usimwandike kama mjinga."

Ndugu zangu, sharti hilo lilinifanya nitupe rasimu nzima. Nilikuwa nimemwandika kama mjinga bila mwenyewe kujua. Nilimpa tamaa ya simu mpya, nikampa kiburi, nikampa mama anayemwonya kila ukurasa naye hasikii. Nilikuwa naandika onyo, halafu nalivisha gauni ili lionekane hadithi. Kijana akishika kitabu cha namna hiyo anajua kufikia ukurasa wa tano nani ataumia na kwa nini, na anajiambia: mimi si kama huyu. Anafunga kitabu, anafungua simu, na huko anakutana na mtu aliye tofauti kabisa na yule tapeli wa kitabuni.

Kwa hiyo nikaanza upya. Anaitwa Somoe. Anatoka Msangamkuu, anavuka kwa pantoni kila asubuhi kuja kusoma mjini. Anaandika mashairi nyuma ya daftari la hisabati. Siku moja anaweka shairi lake Facebook kwa simu ya mama yake, na kijana anayejiita Brayan, mwanafunzi wa chuo huko Dar es Salaam, anamwandikia. Hamsifii sura. Hamwiti mrembo. Anamuuliza kwa nini neno "wimbi" limerudiwa mara mbili katika ubeti wa tatu, kama ni kusudi au ni bahati.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Somoe jambo hilo. Si nyumbani, si shuleni. Mimi nafundisha Kiswahili, na nakiri hapa mbele ya walimu wenzangu kwamba wanafunzi wenye daftari za namna hiyo ninao, na swali hilo sijawahi kuwauliza wote. Sasa niambieni, nani kati yetu asingejibu meseji ile?

Wazee wangu mnaujua utapeli mmoja vizuri sana. "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Wengine mmeletewa ya mganga, wengine ya kujiunga na Freemason, wengine mmepigiwa mkaambiwa mtoto ameanguka shuleni, itumwe hela ya matibabu haraka. Huo ni uvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa. Unatandaza usiku, asubuhi unakwenda kuangalia nani amenasa. Aliyetuma hakujui, na wewe ukiisoma mara mbili unaifuta. Lakini aliyemwendea Somoe alivua kwa mshipi. Alikaa, akatazama samaki huyu anakula nini, akachagua chambo. Vijana wetu wanaumizwa zaidi na mshipi, na sisi wakubwa tunawafundisha kuogopa jarife.

Nitoe mfano wa kwetu hapa, maana hakuna mkoa unaoelewa jambo hili kuliko mikoa ya korosho. Mnajua kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo, nje ya mnada. Mwenye kangomba haji Oktoba wakati gunia limejaa na mnada uko wazi. Anakuja mapema, korosho ikiwa bado ua mtini, akijua mtoto wako anadaiwa sare, akijua mgonjwa yuko ndani. Hana mzani, ana chombo chake. Anakupa fedha leo, na sura yake ni ya mtu aliyekuja kukusaidia. Utaratibu wa stakabadhi ghalani, wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, umekuwepo tangu 2007, na kangomba inakatazwa kila msimu, lakini kila msimu yupo mkulima anayeuza ua. Je, ni mjinga? Sisi tuliokulia chini ya mikorosho tunajua si mjinga. Ana shida, na yupo mtu aliyeifahamu shida hiyo kabla ya majirani.

Brayan alinunua ua. Aliijua shida ya Somoe, nayo haikuwa fedha. Ilikuwa kutaka kusomwa.

Nimetumia sura nne nzima kwenye urafiki huo mzuri. Rafiki yangu mmoja aliyeusoma mswada alinilaumu, akasema msomaji kijana atampenda Brayan. Nikamwambia hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Nataka msomaji apende. Nataka afike sura ya tano akiwa anasubiri meseji ya Brayan kama Somoe anavyoisubiri, akikumbuka kwamba Brayan ndiye aliyemtakia heri asubuhi ya mtihani wa moko wakati nyumbani hawakujua hata tarehe. Halafu moyo umlipuke. Tangazo la redio haliwezi kukufanyia hivyo. Riwaya inakuacha udanganywe huku uko salama kitandani, na siku nyingine ukikutana na ladha ile ile kwenye simu, ulimi unaikumbuka.

Dalili zipo, nimezitawanya. Kila Somoe akitaka wapigiane simu ya video, kamera ya Brayan ni mbovu. Kila akiuliza jambo la nyumbani kwao Brayan, anarudishiwa swali. Lakini dalili niipendayo aliigundua mdogo wake, mtoto wa darasa la nne, kichaa wa magari. Dada yake alimwonyesha picha ya Brayan ameegemea gari, eti Dar, nje ya chuo. Mtoto hakumtazama Brayan hata kidogo. Alitazama gari. Akasema: "Dada, mbona usukani uko kushoto?"

Picha ile ilipigwa nchi nyingine. Ni ya mtu mwingine kabisa, kijana wa watu ambaye hajui kama uso wake unatumika kuombea picha za mabinti wa Mtwara. Somoe alilisikia swali lile, akalielewa, na akamjibu mdogo wake: "Nenda kacheze." Nilipoandika maneno hayo mawili niliweka kalamu chini. Maana hapo tayari anajua. Kuanzia ukurasa ule hadanganywi na Brayan peke yake, anamsaidia Brayan kumdanganya. Nadhani wengi waliolizwa, kwa mapenzi au kwa fedha, wakiulizwa faraghani watakuambia ilikuwepo siku ya usukani.

Baada ya Somoe kutuma picha yake ya kwanza, Brayan anaanza kudai hela. Elfu thelathini. Halafu hamsini. Halafu laki na ishirini, kutoka kwenye fedha za korosho za mama, kutoka mikorosho ya marehemu babu kule Nanyamba. Wanangu, sikilizeni hapa, nalisema polepole. Anayekutishia picha ukimlipa hafuti. Umemthibitishia kwamba unalipa.

Sasa niwarudie wazee, kwa jambo la lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde.

Mimi ni mwanamke, na ya jandoni si yangu kuyasema. Lakini mapiko sasa yanachezwa hata kwenye sherehe za wazi, sote tumeyaona. Kinyago chepesi cha mti, kingine kimebandikwa nywele kabisa, kimevaliwa kichwani kikaelekezwa mbele, na kitambaa kimefunika shingo na mwili. Mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago. Sisi watoto wa kike tulikimbia tukilia. Na mvulana naye alikimbia, mpaka alipofika jandoni akaonyeshwa kwamba ndani ya lipiko mna mtu. Kuanzia hapo hakukimbia tena. Aliendelea kuliheshimu, aliendelea kulifurahia, lakini alijua kuna mtu anayehema mle ndani, anayetoka jasho, mwenye jina.

Wazee wetu walikuwa na siku maalumu ya kumwonyesha mtoto kilicho ndani ya kinyago. Msichana naye alikuwa na unyago wake, alikuwa na somo wake wa kumwambia mambo ambayo mama yake mzazi anaona haya kuyasema. Simu tumewakabidhi bila jando wala unyago. Tumenunua laini, tumeweka bando, basi. Mtoto anakabiliana na mapiko elfu kila usiku chini ya shuka, na hakuna aliyewahi kumfunulia hata moja.

Ndiyo maana mtu anayemwokoa Somoe, au tuseme anayeanza kumwokoa, nimemfanya bibi yake, ambaye ndiye aliyekuwa somo wake. Bibi huyu hajui kusoma. Simu kwake ni ya kupokea tu. Somoe anamsogelea usiku, wamelala kitanda kimoja, anaanza kwa mbali, bibi kuna mtu tunapendana, anaitwa hivi, yuko Dar. Bibi anakaa kimya kitambo. Kisha anauliza: "Umemwona akila?"

Swali hilo sikulitunga mezani. Bibi yangu mzaa mama alimuuliza kila mjukuu aliyeleta habari ya mchumba. Kwake, mtu hujamjua mpaka ukae naye kwenye sinia moja, uone anaanza kumega wapi, anamwachia nani mnofu, anawasemaje waliopika. Nilipokuwa mdogo niliona ni maneno ya kizee. Leo siioni programu yoyote inayolishinda swali lile. Picha inaibwa. Siku hizi hata sauti inaigwa: kwa akili mnemba mtu anaweza kuchukua sauti yako fupi kutoka mtandaoni, akaitengenezea maneno ambayo hujawahi kuyasema, akampigia mama yako akilia kwa sauti yako. Nilipoanza kuandika sikulijua hilo, ikabidi nirudi kuongeza sura. Humo, familia ya Somoe inakubaliana neno la nyumbani, jina la utani la babu ambalo halijawahi kuandikwa popote. Anayepiga simu akilia aulizwe jina hilo kwanza, kisha apewe pole. Nanyi mkirudi leo, kabla ya kulala, kaeni mchague neno lenu.

Nizungumzie mwisho wa kitabu, bila kuwamalizia utamu.

Nilishauriwa nimwadhibu Somoe. Apate mimba, afukuzwe, au afe. Nimeambiwa hivyo na watu wenye nia njema, kwamba ndipo wasichana watakapoogopa. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni, lakini ndani ya hadithi zetu bado tunawafukuza. Aliyetenda kosa katika kisa hiki ni mmoja, ni yule aliyetapeli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtaja yeye: kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta ni kosa, udanganyifu ni kosa, kumnyanyasa mtu mtandaoni ni kosa, na kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa kubwa. Mtoto aliyeamini mtu hakutajwa humo kama mhalifu, basi na sisi tusimhukumu barazani.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu ndiko matapeli wanakopatia nguvu. Brayan hana bunduki. Yuko mbali, pengine hajawahi hata kuvuka Daraja la Mkapa. Silaha yake ni moja: ana hakika kwamba Somoe hatamwambia mtu. Sisi ndio tuliompa hakika hiyo, kila tulipokaa tukamcheka binti wa jirani, "kajitakia." Watoto wetu walikuwepo, wanasikia, wakaweka akilini: yakinikuta, hapa si pa kusema.

Kwa hiyo katika riwaya, yule mama mwenye korosho zake anapoambiwa, nimemwandikia kurasa mbili za kunyamaza. Anatoka nje, anakaa kwenye kinu, anatazama bahari. Ana haki ya kukasirika, fedha zile zilikuwa za paa. Anaporudi ndani anasema: "Lete hiyo simu, usifute kitu." Kwangu huyo ndiye shujaa wa kitabu.

Usifute kitu. Msidhani nimeyaweka maneno hayo kwa mapambo. Ukitishwa, hofu inakuambia futa kila kitu, na ukifuta umemfutia tapeli nyayo zake. Piga skrinshoti, meseji zote, namba, jina la akaunti, tarehe, muamala. Kama umetuma fedha sasa hivi, piga mia moja kwa mtandao wako uombe muamala uzuiwe, dakika hizo zina thamani. Meseji ya kitapeli na namba iliyoituma vinapelekwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa 15040, bure. Bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, maana wapo watu hapa ambao jina lao linatumika kuliza wenzao na hawana habari. Mtoto apige 116, ni bure, hata usiku. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Binti akienda, mzazi amsindikize, asimtume peke yake. Akifika pale peke yake, akiulizwa swali kama lile nililouliza mimi barazani, atageuza, na hatarudi.

Nawaona wavulana wa nyuma mmetulia, mnadhani hadithi ni ya wasichana. Sura ya tisa ni yenu. Kuna kijana humo wa Chikongola, anaendesha bodaboda baada ya masomo, ambaye "binti" wa kwenye simu alimrekodi video, akamtaka laki mbili kabla ya alfajiri. Nimeiandika kwa sababu wavulana hawasemi kabisa. Msichana angalau ana bibi. Mvulana ameshaambiwa ni mwanaume.

Nimezungumza ya kutosha. Kuna mwanafunzi hapa ambaye ameomba asome yeye badala yangu, na nimefurahi, kwa kuwa sauti ya Somoe haifanani na ya kwangu. Njoo mwanangu, shika maiki, kaa karibu na mwanga. Sura ya sita. Wako kitandani, taa imezimwa, bahari inasikika. Anza pale bibi anapouliza.